Waksi, silanti au seramiki: kuchagua kinga ya rangi ya gari

Rafu za vifaa vya magari zimejaa makopo na chupa zinazoahidi kitu kilekile: rangi ing'ae, maji yateleze, jua lisipenye. Mtu anayetaka tu gari lake lisipauke anabaki ameshika waksi mkono huu na chupa ya seramiki mkono ule, na hajui atoke na ipi. Kuzilinganisha kwa mng'ao hakumsaidii, maana siku ya kwanza zote zinang'aa. Zinaachana mwezi wa tatu, mwaka wa pili, na siku ile utakapokosea kupaka.

Hapa nalinganisha aina nne ambazo mtu wa kawaida hukutana nazo: waksi ya karnauba, silanti ya polima (kinga iliyotengenezwa maabara), silanti ya kupuliza yenye silika (madini yanayopatikana kwenye mchanga), na seramiki ya kupaka. Ile ngozi ya plastiki inayobandikwa juu ya bodi nimeiacha nje. Ina unene wa maikroni 150 hadi 200 hivi (maikroni moja ni sehemu ya elfu ya milimita), hubandikwa na fundi aliyeisomea, na ni uamuzi wa aina nyingine kabisa.

## Kinacholindwa ni nini hasa

Bodi ya gari la kisasa ina matabaka. Chini kuna praima, juu yake rangi yenyewe, na juu kabisa klia, tabaka lisilo na rangi linaloipa bodi mng'ao wake. Klia ya kiwandani kwa kawaida ina unene wa maikroni 35 hadi 50. Unywele mmoja wa binadamu una karibu maikroni 70. Kila unapopiga polishi yenye chembe za kukwangua unaipunguza klia hiyo, na hairudi. Vizuizi vya mionzi ya jua vilivyochanganywa ndani yake vinaondoka pamoja nayo. Gari unaloliona limetoka mabaka meupe kwenye paa na boneti, kisha likaanza kubabuka, ni gari ambalo klia yake imeshakufa. Likifika hapo, kinga yoyote imechelewa. Linamhitaji fundi rangi.

Kazi ya kinga ni kuliwa badala ya klia. Jua, sabuni kali, chumvi, utomvu wa miti, kinyesi cha ndege na vumbi la chuma linalotoka kwenye breki vianze na kinga kwanza, nawe uirudishie inapokwisha. Naomba hili lieleweke mapema, kwa sababu matangazo hulificha: hakuna hata moja kati ya hizi nne inayozuia jiwe lililorushwa na lori, na hakuna inayoweza kumlinda mwenye gari anayefuta vumbi kwa kitambaa kikavu. Mikwaruzo ile myembamba ya duaraduara unayoiona gari likiwa juani hutokana zaidi na kuosha na kufuta vibaya kuliko na jambo lolote la barabarani.

## Vigezo vya kulinganisha

Nimeipima kila aina kwa mambo yaleyale.

Kwanza, muda halisi wa kukaa, kwa gari linaloendeshwa na kuoshwa. Muda ulioandikwa kwenye chupa huhesabu mazingira mazuri kuliko yale ya magari mengi.

Pili, kazi ya kupaka. Inachukua muda gani, inahitaji nini, na je, inamvumilia mtu asiye na uzoefu?

Tatu, uvumilivu wa joto na kemikali. Bodi nyeusi iliyosimama juani inaweza kupita nyuzi 70 za Selsiasi, na hapo kinga dhaifu hulainika.

Nne, mwonekano. Watu wanatofautiana sana hapa, na hakuna aliyekosea.

Tano, ukikosea inakuwaje. Hiki ndicho kigezo kinachosahaulika kuliko vyote, na kwa maoni yangu kingepaswa kuwa cha pili baada ya muda.

Kuhusu gharama, usilinganishe bei ya chupa na chupa. Hesabu utakachotumia mwaka mzima: bidhaa yenyewe, vitambaa, maandalizi, na saa zako. Waksi ya bei ndogo inayopakwa mara sita kwa mwaka inaweza kukugharimu Jumamosi nyingi kuliko silanti inayopakwa mara mbili.

Kabla ya vigezo vyote hivyo, jibu swali moja: gari lako linaoshwa na nani, na anatumia nini? Kama linaoshwa kila siku na mtu mwenye ndoo moja ya maji machafu na kitambara kilichokwisha dondoka chini mara mbili, kinga ya miaka mitano haitafika miaka mitano.

## Waksi ya karnauba

Karnauba ni nta inayotoka kwenye majani ya mti wa jamii ya michikichi unaoota kaskazini-mashariki mwa Brazili. Ni miongoni mwa nta ngumu kuliko zote za asili, na huyeyuka kwenye nyuzi 82 hadi 86. Ikiwa tupu haipakiki, kwa hiyo iliyo kwenye kopo imechanganywa na mafuta, viyeyushi na mara nyingi nta nyingine ili ilainike. Ukiona kopo limeandikwa kwamba karnauba yake ni safi kabisa, usidhani kopo zima ni karnauba.

Muda. Wiki kadhaa, labda miezi miwili. Gari linalolala chini ya paa na kutoka mara chache linaweza kuisukuma hadi mitatu.

Kupaka. Ni rahisi na inapendeza kufanya. Gari likiwa kivulini na bodi imepoa, chukua kiasi kidogo kwa sifongo, paka tabaka jembamba, subiri lifanye ukungu, kisha pitisha kidole: kikiacha mstari safi bila kuvuta, ni wakati wa kufuta. Angalia isiguse plastiki nyeusi za bampa na pembeni mwa vioo, kwa sababu inaacha weupe unaong'ang'ania kwenye vinyweleo vyake.

Joto na kemikali. Hapa ndipo pa udhaifu. Mchanganyiko wa kopo hulainika kwenye joto dogo kuliko lile la nta tupu, na sabuni kali huiondoa upesi. Kinyesi cha ndege huipenya haraka.

Mwonekano. Wapenzi wa waksi wana hoja. Kwenye rangi nyeusi, nyekundu, kijani iliyokolea na buluu ya usiku, mafuta yaliyomo huifanya rangi ionekane yenye kina na unyevu, na mikwaruzo midogo hufunikwa kidogo. Kwenye nyeupe na fedha faida hiyo karibu haionekani.

Ukikosea. Hakuna hasara. Umepaka nzito? Futa tena. Hukuipenda? Itaondoka yenyewe.

Inamfaa mtu anayefurahia kulishughulikia gari kwa mikono yake, mwenye gari la rangi iliyokolea linalokaa kivulini, au anayejiandaa kwa siku moja maalumu kama harusi au maonyesho. Haimfai aliyeshughulika kiasi kwamba hata shinikizo la tairi hulisahau.

## Silanti ya polima

Hii ni kinga iliyotengenezwa maabara. Polima zake, mara nyingi za jamii ya silikoni, hushikana zenyewe kwa zenyewe na kushika klia kadiri zinavyokauka. Huja kama losheni au majimaji mazito ya kupaka kwa sifongo.

Muda. Miezi minne hadi sita ni makadirio ya kuaminika. Gari linalotunzwa vizuri linaweza kuikaribia miezi kumi na zaidi.

Kupaka. Mikono ni ileile ya waksi, ila masharti ni makali kidogo. Lazima bodi iwe safi bila mafuta, kwa kuwa mabaki ya polishi au waksi ya zamani yanaizuia kushika. Baada ya kufuta, bidhaa nyingi huhitaji saa 12 hadi 24 bila maji ndipo zishikane sawasawa. Watu huruka hatua hii, mvua inanyesha jioni ileile, kisha wanasema silanti haina maana. Ukitaka tabaka la pili, lipake baada ya la kwanza kukauka siku nzima. Linasaidia hasa kufikia pale mkono ulipopita haraka. Halizidishi muda mara mbili.

Joto na kemikali. Inavumilia jua kuliko waksi, na sabuni ya kawaida ya gari haiisumbui. Dhidi ya kinyesi cha ndege inakupa muda wa ziada, lakini si siku nzima.

Mwonekano. Mng'ao wa kioo, mkali na safi. Nyeupe, fedha, kijivu na rangi za metaliki zinapendeza sana nayo. Wengine huiona baridi kwenye rangi nyeusi, ndiyo maana wapo wanaopaka silanti kwanza kisha waksi juu. Mpangilio huo unafanya kazi. Ukiugeuza, silanti haina kitu cha kushika, kwa sababu chini yake kuna mafuta.

Ukikosea. Ukipaka nzito inaacha michirizi. Mara nyingi inatoka kwa kupaka tena kidogo juu yake na kufuta papo hapo, au kwa kitambaa chenye unyevu. Ikishindikana, polishi nyepesi inaimaliza.

Inamfaa mwenye gari la kila siku anayeweza kutenga mchana mmoja kila baada ya miezi michache. Naiona kama chaguo linalodharauliwa bila sababu: haina sifa ya asili ya karnauba wala ahadi kubwa za seramiki, kwa hiyo matangazo yameihama, lakini ukilinganisha jasho unaloitolea na kinga inayokupa, ina uwiano mzuri sana.

## Silanti ya kupuliza yenye silika

Hizi ndizo chupa za kupuliza ambazo siku hizi karibu zote zimeandikwa "seramiki". Zina silika kweli, lakini kwa kiasi kidogo, na hazigeuki kuwa tabaka gumu kama seramiki yenyewe. Ukizinunua ukijua hivyo, utaridhika nazo.

Ziko za namna mbili. Za kwanza unapuliza na kufuta kwa kitambaa cha maikrofaiba, kisha unageuza upande mkavu na kumalizia. Za pili unapuliza bodi ikiwa bado mbichi baada ya kuosha, halafu unaisuuza mara moja kwa maji yenye nguvu. Hizi za pili zinataka uharaka: ukiziacha zikaukie kwenye bodi, hasa iliyo moto, zinaacha michirizi inayokataa kutoka kwa maji. Fanya sehemu moja moja. Puliza mlango, suuza mlango, ndipo uhamie mwingine.

Muda. Mwezi mmoja hadi minne kwa nyingi. Zilizo nzito zaidi hufika nusu mwaka.

Kupaka. Dakika kumi hadi ishirini juu ya muda wa kuosha.

Joto na kemikali. Ziko kati ya waksi na silanti ya polima, na baadhi zinaikaribia silanti. Ulaini wa mguso na namna maji yanavyokimbia wiki za mwanzo vinaweza kukudanganya kwamba kinga ni nene kuliko ilivyo.

Mwonekano. Mng'ao mkali, si wenye kina.

Ukikosea. Madhara madogo: michirizi, ambayo karibu daima hutoka kwa kupuliza tena na kufuta.

Inamfaa mwenye gari kubwa, mwenye magari zaidi ya moja, asiye na kivuli cha kufanyia kazi kwa saa nyingi, na yule anayejua wazi kwamba hatapaka kitu kinachochukua mchana mzima. Inamfaa pia aliyekwisha paka silanti au seramiki na anataka kuipa nguvu kila baada ya miezi kadhaa.

## Seramiki ya kupaka

Hapa mambo yanabadilika, nami nitakaa zaidi, kwa kuwa ndiyo inayoulizwa sana na ndiyo yenye hasara kubwa ukiingia kichwakichwa.

Ni majimaji yenye misombo ya silika au silazani (kemikali inayozaa silika inapokauka) ambayo, ikikutana na hewa na unyevu, hukauka na kuwa tabaka gumu lililoshikana na klia. Unene wake kwa kawaida ni kama maikroni moja, pengine pungufu, pengine mbili. Ugumu wa "9H" unaotangazwa unatokana na jaribio la penseli: penseli za ugumu tofauti husukumwa juu ya tabaka kuona ipi itaacha alama, na 9H ndiyo ya juu kabisa katika kipimo hicho cha kawaida. Hauhusiani na kipimo cha ugumu wa madini, na hauifanyi bodi isikwaruzike.

Muda. Miaka miwili hadi mitano, kulingana na bidhaa, maandalizi na kuosha. Pasipo kuosha vizuri, inaweza kuonekana imekufa ndani ya miezi ingawa bado ipo, imezibwa tu na uchafu.

Kupaka. Maandalizi hula muda kuliko upakaji. Seramiki ni angavu na inakaa miaka, kwa hivyo kila mkwaruzo ulio chini yake utabaki unaonekana miaka yote hiyo. Ndiyo maana kabla yake watu hupiga polishi kwa mashine ili kunyoosha klia, na hapo ndipo gharama nyingi ya fundi ilipo.

Upakaji wenyewe ni hivi. Unadondoshea matone machache kwenye kitambaa laini kilichozungushwa kwenye sifongo, unapaka sehemu ndogo, tuseme nusu ya mlango, mistari ya kwenda na kushuka. Unainamisha kichwa na kuangalia kwa taa ya pembeni. Baada ya muda mfupi, sekunde au dakika kutegemea joto na unyevu wa hewa, utaona rangi za upinde wa mvua zikitembea juu ya bodi, kisha zinaanza kuwa vitone vidogo. Huo ndio wakati wa kufuta. Kitambaa cha kwanza kinasawazisha, cha pili kinamalizia. Ukiacha sehemu bila kufutwa, inakauka kuwa doa jeusi au lenye mafuta, na baada ya saa chache halitoki tena kwa kitambaa. Linatoka kwa polishi, pamoja na seramiki yote ya hapo. Vitambaa ulivyotumia usivifue ukavirudia kwenye rangi. Seramiki iliyonywewa humo hukauka na kuwa chembe ngumu zinazokwaruza.

Kisha gari likae bila maji walau saa 24, na bila sabuni takriban wiki moja. Kama huna mahali penye paa pa kuliweka muda huo, hiyo peke yake ni sababu ya kutosha ya kuchagua kitu kingine.

Joto na kemikali. Hapa haina mpinzani kati ya nne. Jua haliilainishi, na sabuni zenye asidi au magadi kiasi haziiondoi. Dhidi ya kinyesi cha ndege inakupa muda mrefu kuliko nyingine, ingawa nayo inaweza kupata alama ukikiacha siku kadhaa juani.

Mwonekano. Mng'ao wa kioo kinene, na unaodumu. Uchafu unashika kidogo na kuosha kunakuwa rahisi. Kwangu mimi faida hii ya kuosha ni kubwa kuliko mng'ao.

Ukikosea. Ghali. Huwezi kuifuta ukaanza upya bila mashine na polishi, na kila polishi inachukua sehemu ya klia.

Inamfaa mwenye gari jipya au lililonyooshwa rangi, anayekusudia kukaa nalo miaka, na anayeliosha mwenyewe au kulipeleka kwa mtu anayemwamini. Haimfai anayetegemea mashine za kuosha zenye brashi, wala anayetarajia asilioshe tena.

## Madoa ya maji, jambo linalogeuza hesabu

Watu hupenda kuona maji yakifanya vidonge vya mviringo juu ya boneti. Picha hiyo inauza bidhaa. Lakini kidonge cha maji kinapokauka juani, madini yaliyokuwa ndani yake yanabaki pale pale kama pete nyeupe. Kama maji unayotumia ni magumu, yenye chokaa nyingi, seramiki inaweza kukupa madoa mengi yanayoonekana, kwa sababu vidonge vyake vinasimama wima na kukaukia mahali pamoja. Pete hizo zikiachwa zinaweza kuila seramiki yenyewe.

Dawa ni kukausha gari kwa taulo nene la maikrofaiba kila baada ya kuosha, na kutoliosha juani. Asiyeweza kufanya hivyo, na maji yake ni ya chokaa, namshauri atazame silanti ya polima. Baadhi ya silanti huyaangusha maji kama shuka badala ya kuyakusanya kuwa vidonge, na akipata madoa anaweza kuyaondoa kwa polishi nyepesi na kupaka tena bila kulia.

Vidonge pia si kipimo kizuri cha uhai wa kinga. Maji yakilala bapa kwenye bodi, osha kwanza kwa shampuu ya gari na uangalie tena. Mara nyingi kinga ipo, ni uchafu ulioifunika.

## Maandalizi, kwa aina zote nne

Kupaka kinga juu ya rangi chafu ni kupiga pasi nguo isiyofuliwa. Osha, kausha, kisha vaa mfuko mwembamba wa plastiki mkononi na upitishe vidole juu ya boneti taratibu. Plastiki inakuza mguso. Ukihisi vinukta kama mchanga, kuna uchafu ulioganda ambao sabuni haiutoi: lami, utomvu, chembe za chuma.

Chembe za chuma hutolewa na dawa maalumu ya kupuliza inayogeuka zambarau inapokutana nazo, usiiache ikauke. Yaliyobaki yanaondolewa kwa udongo maalumu wa kusafishia rangi, ukiuteleza juu ya bodi iliyolowa kwa kilainishi, bila kukandamiza. Ukidondoka chini, tupa kipande hicho. Udongo nao unaweza kuacha mikwaruzo hafifu kwenye klia laini, kwa hiyo tumia pale tu vidole vinaposema unahitajika. Kwa silanti ya polima na hasa seramiki, malizia kwa kufuta kwa alkoholi ya isopropili iliyochanganywa na maji ili kuondoa mafuta ya mwisho. Kwa waksi hatua hii si ya lazima.

## Kulingana na hali yako

Gari linalala nje, chini ya jua kali. Silanti ya polima mara mbili kwa mwaka, au seramiki kama una pa kuliweka siku za kukauka. Waksi itakuchosha.

Linalala chini ya mti. Hapa kinga ni nusu ya kazi. Kinyesi kina asidi ya uriki, na joto la bodi huharakisha kazi yake. Chagua silanti au seramiki, kisha weka garini chupa ya maji yenye kilainishi na kitambaa laini. Lowesha doa, subiri lilainike, linyanyue bila kusugua. Ukilikuta asubuhi, lisifike mchana.

Unaoshewa gari na mtu usiyemdhibiti. Silanti ya kupuliza, uirudie mara kwa mara. Fedha ambayo ungeweka kwenye seramiki, nunua vitambaa safi na shampuu ya gari, mwachie anayekuoshea, umwombe atumie ndoo mbili: moja ya sabuni, moja ya kusuuzia kitambaa.

Gari ni la zamani, klia imechoka lakini haijababuka. Usilipeleke kupigwa polishi nzito kwa ajili ya seramiki kabla fundi hajapima unene wa rangi kwa kifaa chake. Silanti ya polima, au waksi kama rangi ni ya kukolea, itakupa sura nzuri bila kukwangua kilichobaki.

Unataka kuliuza karibuni. Osha, toa uchafu ulioganda, piga waksi au silanti ya kupuliza. Seramiki ya miaka mitano itamnufaisha mnunuzi.

Gari jipya kutoka kiwandani. Rangi yake imeokwa kwenye tanuri, haihitaji kusubiriwa. Ukitaka seramiki, huu ndio wakati wake mzuri kuliko wote, lakini likague kwanza kwa taa, kwa kuwa magari mengi mapya hukwaruzwa yakioshwa kabla ya kukabidhiwa.

Rangi yako ni ya kufifia, ile isiyong'aa kwa makusudi. Usitumie waksi ya kawaida wala polishi ya aina yoyote, kwani zinaacha mabaka yanayong'aa yasiyosawazika tena. Tafuta silanti au seramiki iliyoandikwa wazi kuwa ni ya rangi hizo, na ujaribu kwanza mahali pasipoonekana.

Limetoka kupakwa rangi kwa fundi. Rangi hiyo bado inatoa viyeyushi, na ukiifunika mapema inaweza kubaki laini au kufanya ukungu. Muulize fundi aina ya rangi aliyotumia na muda ambao mtengenezaji wake ameuweka. Mara nyingi ni siku 30 hadi 90. Mpaka hapo osha kwa maji mengi na shampuu laini, kausha kwa taulo, na kinyesi cha ndege ukitoe siku hiyohiyo.